Mbao, alumini, kitambaa au hema: stendi ipi kwa maonyesho ya siku tatu Lubumbashi?

Kila mwaka, Mei ikifika katikati, simu yangu hainyamazi. Watu wamelipia nafasi kwenye maonyesho ya Juni, wamegundua kwamba walicholipia ni sakafu tu, na sasa wanataka stendi. "Papa, unifanyie kitu ya muzuri. Bei ngapi?" Kabla ya bei nauliza swali ambalo huwaudhi: siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni, watu wote wanabomoa kwa pamoja na mlango wa mizigo ni mmoja, stendi yako itabebwa na nani, kwa gari gani, ikalazwe wapi?

Wengi hawajawahi kulifikiria hilo. Wamefikiria rangi, wamefikiria skrini kubwa. Lakini katika miaka niliyojenga stendi hapa mjini, tofauti kati ya mbao, alumini, kitambaa na hema nimeiona zaidi siku ya kubomoa kuliko siku ya kufungua. Siku ya kufungua karibu zote zinapendeza.

Ili tusilinganishe vitu hewani, nitawatumia wateja wawili. Wa kwanza ni mama wa Kamalondo anayeuza vito vya malakiti, lile jiwe la kijani: bangili, mikufu, mayai ya jiwe, vibweta vya kutilia pete. Bidhaa yake inakaa kiganjani. Wa pili ni kijana anayeuza pampu za kutoa maji migodini. Pampu yake moja huinuliwa na wanaume wanne, na wa tano anaelekeza. Wote wawili walipewa mita 3 kwa 3, yaani mita 9 za mraba, kipimo ambacho utakikuta karibu kila mahali. Nafasi sawa, siku zile zile tatu, na majibu hayakufanana hata kidogo.

Anza na karatasi ya nafasi

Waandaaji huuza nafasi kwa namna mbili. Kuna nafasi yenye kuta, ambako unakuta fremu za alumini zimesimamishwa, zulia limetandikwa, kuna meza, viti viwili, soketi moja na kibao cha jina juu. Na kuna nafasi tupu, ambayo ni chaki au gundi ya rangi sakafuni, basi. Nimeona watu wakijenga kuta za mbao ndani ya kuta ambazo walikwisha kuzilipia. Isome ile karatasi mpaka mwisho.

Angalia pia pande zilizo wazi. Nafasi ya katikati ya safu ina upande mmoja wazi, kwa hiyo ukuta wako ni mita 9. Nafasi ya kona ina pande mbili wazi, ukuta unabaki mita 6. Kona ni ghali kwa sababu inaonekana, lakini kwa anayejenga kwa mbao inamwondolea theluthi ya ukuta, na sehemu ya pesa inarudi hapo hapo. Kwa anayekodi alumini kwa bei ya mita ya sakafu, hakuna kinachorudi.

Halafu uliza urefu unaoruhusiwa (mara nyingi mita 2.5), ampea za umeme, na saa ya kwanza ambayo fundi ataruhusiwa kuingia. Hili la saa ndilo linaloua mipango mingi ya mbao, nitalirudia.

Alumini ya kukodi

Hizi nguzo nyembamba za alumini zenye mifereji, ambazo karibu kila ukumbi wa maonyesho duniani unazo, zina historia fupi. Mwaka 1969 Mjerumani Hans Bruder alianzisha kampuni yake ya Octanorm kwa wazo la nguzo yenye pande nane. Kila upande una mfereji, fito inaingia kwenye mfereji na kukazwa kwa ufunguo mdogo. Hakuna msumari, hakuna gundi. Ubao wa ukutani unateremshwa kati ya nguzo mbili kama dirisha la kuteleza. Watu wawili wanaojua kazi husimamisha mita 9 za mraba kabla chai haijapoa, sawa, nimetia chumvi, lakini asubuhi moja inatosha kwa safu nzima.

Faida yake unaiona. Hubebi, huhifadhi, hupaki rangi. Jioni ya mwisho unachukua bidhaa zako na kuondoka, wenyewe watabomoa. Kwa mtu anayetoka Likasi au Kolwezi na gari moja dogo, hilo si jambo la kudharau.

Ubaya wake ni aina tatu. Kwanza, stendi zote zinafanana, na macho ya mgeni yakishapita kumi zinazofanana yanalala. Pili, kila baada ya karibu mita 1 kuna nguzo, kwa hiyo ukibandika picha kubwa ya mgodi wako, nguzo inapita katikati ya uso wa mtu. Chora picha kwa vipande vinavyoishia kwenye nguzo, au usibandike picha kubwa. Tatu, kuta si zako: ukipiga msumari au ukitoboa, unalipa ubao mzima. Tumia ndoana zinazoning'inia kwenye fito ya juu pamoja na waya mwembamba. Ukilazimika kutumia gundi ya karatasi yenye pande mbili, panguza kwanza kwa spiriti. Huku kwetu Juni ni kiangazi, vumbi jekundu liko kila mahali hata usipoliona, na gundi inashika vumbi, haishiki ukuta. Saa nane mchana mabango yanaanza kuanguka moja moja, stendi kwa stendi, kama maembe.

Na usiziegemeze kitu kizito. Rafu ya kalenda na vipeperushi, ndiyo. Rafu ya mawe ya malakiti, uliza mara mbili, kwani jiwe hilo lina uzito unaokaribia mara nne ya maji kwa ujazo ule ule, na mama yule hakuwa na habari kwamba sanduku lake moja dogo lilikuwa na kilo 30.

Mbao, ninazozipenda na zinazonitesa

Nitasema wazi kwamba mimi ni mtu wa mbao, kwa hiyo nisome kwa tahadhari. Mbao inakupa umbo lolote unalotaka. Inapigwa msumari, inabeba uzito, inapakwa rangi ya kampuni, na mafundi wapo mitaani hapa mjini: wapo Katuba, wapo Kenya, wapo Ruashi. Huhitaji kusubiri kitu kivuke mpaka. Ukuta wa mbao una heshima fulani. Mgeni anaugonga kwa vidole akipita, sijui kwa nini, lakini hufanya hivyo. Alumini hagongi mtu.

Mateso huanza kwenye kipimo. Tripleksi, yaani plaiwudi, inauzwa kwa mita 2.44 kwa 1.22. Nafasi yako ni mita 3. Ukuta wa nyuma wa mita 3 unakula mbao mbili na kipande cha nusu mita na zaidi kutoka ya tatu, na kile kinachobaki kinakuwa taka. Ukuta wote wa mita 9 unakudai mbao 8, huku zaidi ya nusu ya ubao mmoja ikienda bure. Kwa hiyo nimeacha kujenga mita 3. Najenga ukuta wa nyuma wa mita 2.44, mbao mbili zimesimama bega kwa bega bila kukatwa, na ile sentimita 56 inayobaki pembeni naifunga kwa pazia. Nyuma ya pazia unaweka mkoba, maji, koti, viatu vya kubadilisha. Kila stendi inahitaji kona ya kuficha vitu, na hiyo imepatikana bila kukata ubao hata mmoja.

Si akili yangu peke yangu. Jengo la maonyesho makubwa ya London ya 1851, lile la vioo, Joseph Paxton alilichora kwa kuacha kipande cha kioo kiamue vipimo vya jengo zima. Maonyesho yalipokwisha lilifumuliwa vipande vipande, likahamishiwa Sydenham na kufunguliwa tena kwa watu mwaka 1854. Kitu kinachojengwa ili kibomolewe lazima kianzie kwenye kipande kimoja, kisha kiende juu.

Uzito nao. Ubao mmoja wa tripleksi wa milimita 12 ni karibu kilo 20. Nane ni kilo 160, bila fremu. Ukitumia wa milimita 6 juu ya fremu nyepesi ya msonobari, unapunguza karibu nusu, na kwa siku tatu hakuna atakayejua. Unganisha vipande kwa bolti na nati za masikio, siyo misumari. Kipande kimoja kisizidi upana wa 1.22 ili watu wawili wakipitishe mlangoni na kukigeuza kwenye kona ya korido. Niliwahi kujenga ukuta mmoja mzuri wa mita 3 kwa 2.4, kipande kimoja, bila mshono. Ulitoka kwenye karakana vizuri. Ulifika vizuri. Haukuingia mlangoni. Tuliukata kwa msumeno nje ya ukumbi mbele ya mteja, na mteja alikuwa akiangalia saa, hakuwa akiniangalia mimi.

Sasa lile la saa. Rangi ya maji haikauki vizuri baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, na usiku wa Juni Lubumbashi unashuka hapo bila taabu. Mwaka mmoja tuliruhusiwa kuingia jioni, tukamaliza kujenga saa tatu usiku, tukapaka rangi nyeupe nje, uani, kwa taa ya simu. Asubuhi ukuta ulionekana mkavu. Ulikuwa mkavu juu tu. Mgeni wa kwanza, mkubwa mmoja mwenye koti jeusi la kitambaa kizuri, akauegemea huku akisikiliza bei. Alipoondoka alikuwa na mstari mweupe mgongoni kutoka bega mpaka kiunoni, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilimwona saa moja baadaye kwenye safu nyingine, anapeana mikono na watu, mstari bado uko. Tangu siku hiyo napaka rangi karakanani siku nne kabla, na ukumbini naleta kopo dogo la kuziba vichwa vya skrubu tu.

Kuhusu aina ya mbao, msonobari na tripleksi vinatosha. Kuna mteja aliyetaka kaunta ya mukula kwa sababu wekundu wake unang'aa. Mti huo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama, ya miti ambayo biashara yake kimataifa inadhibitiwa tangu 2019, na kuuonyesha mbele ya wageni wa nchi za nje ni kujitafutia maswali. Nilimpakia msonobari rangi ya nyanya. Akaridhika.

Stendi ya mbao ikitumika mara moja tu, ni hasara yenye sura nzuri. Ikitumika mara tatu inaanza kushinda alumini ya kukodi kwa bei, mradi uwe na pahali pakavu pa kuilaza mpaka mwakani. Tripleksi iliyoegemezwa ukutani nyumbani kwa shemeji, mvua za Novemba zikianza, inavimba miguuni na kupinda kama upinde. Ilaze chini, juu ya vipande vitatu vya mbao, ifunike. Kama huna pahali, sema mapema ili nikujengee vipande vya kugeuzwa rafu za duka. La sivyo utaiona stendi yako jikoni kwa jirani, inachemsha maharage.

Kitambaa

Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kile kibango kinachovutwa kutoka kwenye boksi la chuma, sentimita 85 kwa mita 2, si stendi. Ni kibango. Ukipanga vitano bega kwa bega unapata uzio wa vibango, na kila mmoja unasimama kwa pembe yake. Kimoja kinatosha, mlangoni.

Stendi ya kitambaa ni fremu ya alumini yenye mfereji pembezoni, na kitambaa cha poliesta kilichochapwa picha, ambacho ukingoni kimeshonewa utepe wa silikoni. Unasukuma utepe mfereji mzima, kitambaa kinavutika na kuwa kama ngozi ya ngoma. Hakuna nguzo inayopita usoni pa mtu. Ukuta wa mita 3 unaingia kwenye begi moja refu, mtu mmoja anaubeba begani, anapanda nao teksi. Siku ya kubomoa, mwenye kitambaa huwa ameshafika nyumbani anakunywa chai wakati sisi wa mbao bado tunatafuta bolti sakafuni.

Lakini kitambaa hakibebi kitu. Hata kalenda. Vumbi letu linakiingia, na nyeupe ya Jumatano inakuwa rangi ya maziwa ya chai Ijumaa. Chagua picha yenye rangi nzito kwa chini, kuanzia goti kwenda sakafuni, ambako viatu na mifagio hupita. Ukikikunja vibaya kinatoka na mikunjo, na pasi moja kwa moja juu ya poliesta iliyochapwa itaiunguza. Weka kitambaa cha pamba katikati, pasi isiwe ya moto sana. Kabla ya kulipia, muulize mchapaji kama mashine yake inatoa upana mzima kwa kipande kimoja. Mshono katikati ya nembo unaonekana toka mbali, hasa taa ikiwashwa kwa nyuma.

Kibei, mara ya kwanza kitambaa kinauma, kwa sababu unanunua fremu. Mara ya pili unanunua kitambaa tu. Kwa anayefanya maonyesho mawili au matatu kwa mwaka, Lubumbashi, kisha Kolwezi, kisha Kinshasa kwa ndege, sioni kinachokipiku. Ninasema hivyo mimi mtu wa mbao.

Hema la nje, na kontena

Nafasi za uani ni nafuu, na kwa kijana wa pampu ndizo pekee zilizokuwa na maana: sakafu ya ukumbi haikupaswa kubeba chuma kile, na pampu isiyopiga maji ni chuma tu. Nje anaweza kuiwasha, maji yakaruka kutoka pipa hadi pipa, watu wakasimama.

Hema la kukunja la mita 3 kwa 3 linafunguka kwa dakika tano, na upepo unaweza kulifunga kwa sekunde moja. Kiangazi hapa hakina mvua lakini kina pepo za mchana zinazokuja ghafla na vumbi mbele yake. Hesabu ni hii: upepo wa kilomita 54 kwa saa ukiingia chini ya paa la mita 9 za mraba unalisukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 120. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Vigingi havifai pale penye lami au saruji. Kwa hiyo chukua yale madumu ya manjano ya lita 20, yajaze maji, funga mawili kwa kila mguu. Madumu 8, kilo 160, na gharama yake ni kuyaazima kwa jirani. Yafunge kwa kamba juu, kwenye kona ya paa, siyo chini mguuni tu. Upepo unainua paa kwanza. Ukiona aibu ya madumu, yavike gunia safi. Mimi siyaoni aibu, kila mtu hapa anayajua.

Turubai, au bashe kama tunavyoliita, liwe na rangi hafifu. Jekundu linawapaka wageni wekundu, la buluu linawafanya waonekane wagonjwa, na bidhaa vilevile.

Kontena nitalipita haraka. La futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa 2.44, likiwa tupu lina zaidi ya tani 2, na linataka lori lenye winchi kulileta na kuliondoa. Mita 3 kwa 3 haliingii. Lina maana kama wewe ni kampuni inayotaka ofisi ya kudumu baada ya maonyesho, kwani mjini tumezoea kuona kontena lililokatwa dirisha likiwa duka. Kwa siku tatu tu, hapana.

Umeme na taa, kwa zote nne

Hapa ulinganisho unabadilika, kwa sababu umeme hauchagui mbao wala kitambaa. Soketi ya ampea 10 kwa volti 220 inakupa wati 2,200. Taa sita za LED za wati 20 ni wati 120, skrini kama 100 au 150, kompyuta na simu ni kidogo. Umebaki na nyingi. Kisha mtu analeta birika la umeme la wati 2,000 apikie wageni kahawa, na safu nzima inaingia gizani. Chupa ya chai iliyojazwa nyumbani haikati kuran, yaani umeme.

Kingine kimoja, kwa sababu nilikiona kikitoa moshi: waya wa kuongeza uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Watu wanavuta mita mbili wanazohitaji na kuacha mita ishirini zimejikunja chini ya meza, nyuma ya pazia, juu ya zulia. Ukipitisha mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Ufungue wote, hata kama unaonekana vibaya. Kwenye stendi ya mbao na mapazia, hili ni la kwanza kabisa kukagua, na kizima moto kiwe pahali ambapo mkono unakifikia bila kusogeza kiti.

Delestaje, yaani mgao wa umeme, ikija, jenereta la ukumbi huchukua muda kuamka. Taa mbili za betri zilizoelekezwa kwenye bidhaa zitakufanya uwe stendi pekee inayoonekana kwa dakika hizo, na watu hufuata mwanga.

Rangi ya taa ina uzito kuliko wingi wake. Kwa yule mama wa malakiti tulijaribu taa za njano, zile za nyumbani za kelvini 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na jiwe likageuka rangi ya zeituni iliyochakaa. Tulipoweka za 4,000, kijani kikarudi na ile michirizi yake myeusi ikatengana moja moja. Taa ya kutoka juu moja kwa moja inang'arisha sehemu iliyosuguliwa na kuficha michirizi; tuliisogeza pembeni, ikapiga kwa mshazari. Chini tukatandika gunia la kawaida, lililooshwa. Yeye alitaka velveti nyeusi, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wauza dhahabu. Tukaweka mayai mawili, moja juu ya velveti, moja juu ya gunia, tukamwita binti yake aliyekuwa anapita, bila kumwambia kitu. Akanyoosha mkono kuchukua lile la kwenye gunia. Basi, kesi ikaisha. (Na usifute meza ya malakiti kwa siki wala ndimu. Jiwe hilo ni kaboneti ya shaba, asidi inalila, na ung'avu haurudi.)

Maandishi nayo yana kanuni rahisi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5 au zaidi. Jina lako lisomwe kutoka ng'ambo ya njia, mita 6, sentimita 5 ni kima cha chini. Bei na maelezo yakae usawa wa macho, kati ya mita 1.4 na 1.6 kutoka sakafuni. Chini ya kiuno hakuna anayesoma, isipokuwa watoto.

Na meza, tafadhali, usiiweke ukingoni mbele, upana wote, wewe ukiwa nyuma yake kama karani wa posta. Unamfungia mgeni mlango. Iweke ubavuni.

Basi, nani achukue nini

Kijana wa pampu alichukua nafasi ya nje, hema, madumu 8, na ukuta mmoja wa mbao wa mita 2.44 nyuma, uliobeba mabomba yaliyokatwa ili watu waone ndani. Alifikiria kitambaa chenye picha ya pampu. Nikamuuliza, pampu yenyewe ipo, picha ya nini? Pampu iliondoka kwa lori lile lile lililoileta, na ukuta ulikwenda chini yake kama kitanda cha kuikinga.

Mama wa malakiti alikuwa na nafasi ya ndani yenye kuta za alumini, tayari imelipiwa. Alikuja kwangu akitaka nimfunikie alumini yote kwa mbao. Ningepata kazi ya wiki nzima. Nilimwambia, mama, bidhaa yako ina sentimita 8, mgeni ataangalia meza, ukuta hatauona. Kuta tuliziacha na weupe wake. Pesa ilikwenda kwenye taa nne, na kwenye masanduku sita ya msonobari ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, yenye matundu ya mikono ubavuni. Malakiti yalisafiri ndani ya masanduku, yakiwa yamefungwa kwenye magunia. Ukumbini masanduku yakapinduliwa: mawili juu ya mengine yakawa meza ya sentimita 80, moja peke yake likawa ngazi ya vitu vizito, na magunia yakawa kitambaa cha juu. Kilo 30 kila sanduku zilikuwa nyingi, tukagawanya hadi kilo 15, ndiyo maana yakawa sita wala si matatu.

Kosa langu lilikuwa moja. Sikuweka kufuli, na usiku wa kwanza alilala na wasiwasi, asubuhi akaja na minyororo miwili ya baiskeli.

Siku ya mwisho nilikuwa bado napambana na bolti za mteja mwingine nilipomwona anapita. Saa kumi na moja na robo. Masanduku manne yalikuwa tayari ndani ya teksi, mawili yanafungwa juu kwa kamba, na binti ameshikilia taa mapajani kama mayai. "Papa," akaniita kupitia dirishani, "utafika nyumbani saa ngapi?"